Fomu ya Mlima

Umeme umerudi saa tatu usiku hapa Ipuli
nami nimeketi na fomu ya kurasa kumi na moja.
Jina: Kalunde Mihambo.
Kazi: fundi wa minara ya simu.
Umri: thelathini na minane,
ila goti la kushoto lina umri wake lenyewe.

Eleza uzoefu wako wa barafu.
Barafu naijua ya kwenye gunia,
ikishushwa stesheni pamoja na migebuka ya Kigoma,
imefukiwa kwenye maranda, inadondoka tone tone
hadi behewa zima likanuka ziwa.
Niliishika utotoni. Iliniunguza kama jiko.
Je, hiyo inahesabika?

Kimo cha juu ulichowahi kufika.
Mnara wa Ndevelwa, mita tisini,
siku upepo ulipoutikisa
kama mtoto anayetikisa kibubu asikie kama kuna kitu.
Chini yangu miombo, na nyuma ya miombo, miombo,
mpaka macho yakaomba kilima.
Wakiniuliza wazo la mlima nililitoa wapi
nasema: pale pale, siku niliyokosa cha kutazama.

Ujuzi wa kamba.
Kamba yangu ya kwanza ilikuwa gome.
Baba aliisokota pajani kwa mate,
akapanda nayo mninga kutundika mizinga.
Nyuki walimjua. Siku moja hawakumjua.
Alishuka polepole, fundo, halafu fundo jingine,
uso umevimba, jicho moja limefungwa,
mkono haukuachia.
Sikufundishwa zaidi ya hapo.

Sasa kila jioni napanda tangi kuukuu la reli
begi limejaa mchanga,
na Sizya mlinzi ananihesabia kutoka kwenye kiti chake:
"Arobaini na moja! Lakini dada,
humo maji yalikwisha zamani. Unafuata nini?"

Je, utahitaji mpagazi binafsi? Weka alama.

Kalamu imesimama.

Neno hili limelala nyumbani kwetu.
Mihambo, babu wa babu yangu,
alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani,
frasila mbili begani, kengele ikilia kwenye ncha,
akarudi na doti za merikani
na sugu ngumu kama kisigino.
Bibi alisema aliwaita wajukuu waipapase.
Alijivunia. Hakukubali kuoa kabla ya kuiona bahari.
Jina la tajiri wake waliliandika.
La kwake ninalo mimi, kwenye fomu hii, mstari wa kwanza.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu.
Mimi ni kilembwe wa bega lile; sina ruhusa ya kusema hivyo.

Huko mtu nisiyemjua
ataamka saa nane za usiku,
ataichemsha theluji iwe chai yangu,
atatangulia ukutani gizani, afunge kamba,
ashuke, anichukue, apande tena.
Halafu nitapigwa picha.
Nikirudi Tabora nitasema nimepanda.
Kuna tu- pale, herufi mbili,
na sijui kama hewa nyembamba itanikumbusha kuziweka.

Shamba la Urambo nimeshaliuza.
Ndoo za asali za miaka sita zimo humu.
Siwezi kujifanya sitaki.

Naweka alama kwenye Ndiyo,
na pembeni, kwa mwandiko mdogo, kisanduku hakinitoshi:
Peke yangu siwezi, wala sitajidai.
Ila nitumieni jina lake kabla sijalipa,
na uzito wa mzigo wake kwa kilo.
Nitapima mchanga uwe sawa na huo,
niubebe kutoka Ipuli hadi Kwihara na kurudi,
siku ngapi sijui,
ili nikikutana naye niwe na cha kumwonyesha
kabla ya kumpa mkono.

Umeme umekatika.
Najipapasa bega gizani. Bado laini.