Neno Kifuani

Robota nililofungua Jumanne lilikuwa la watoto,
gredi ya pili, lenye harufu ya sabuni ya nchi nisiyoijua.
Nikatandika turubai pale Memorial, upande wa mafundi viatu,
na upepo ulipoanza kuchokonoa pembe
nikaikandamiza kwa kamusi ya baba.
Inafaa. Ina kilo mbili na haina jalada.

Mama Ndelwa akaokota fulana ya njano.
"Imeandikwa nini hii? Nisije nikamvisha mtoto matusi."
Herufi kubwa, zimeanza kubanduka: NAUGHTY.
Nikasema, mtukutu.
Akacheka. "Basi ni yake. Bei gani?"
Nikasema elfu tatu. Akasema elfu moja mia tano.
Na katika ule ukimya ambao mteja hujifanya anaondoka
nikafungua kamusi, kwa mazoea tu,
kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.

Baba alikuwa mkalimani wa mahakama, kule bomani,
miaka ambayo hakimu alihukumu kwa lugha moja
na mshtakiwa akafungwa kwa lugha nyingine.
Katikati yao alisimama baba, suruali imepigwa pasi,
akivusha maneno kama mtu avushaye mayai mtoni.

Pambizoni, kwa penseli iliyochongwa kwa wembe:
Zamani kwao: mtu asiye na kitu.
Baadaye: mwovu.
Siku hizi: mtoto msumbufu.
Na chini, mwandiko umelegea:
Kesi ya Kirenga, debe moja la kahawa mbichi.
Nilisema "mwovu".

Sikuwahi kusikia habari za Kirenga.
Nadhani hakimu alilisema akitabasamu,
na baba, kijana, Kiingereza chake cha vitabu vikuukuu vya misheni,
akachukua maana iliyokwisha kuzikwa
akaisimamisha mbele ya benchi la ndugu.
Viboko hupoa. Lakini mtu akishaitwa hivyo mbele ya ukoo
hakuna rufaa.
Baba hakunywa kahawa maisha yake yote.
Sisi tulidhani ni tumbo.

Na maana ile ya kwanza, ya chini kabisa kaburini,
ndiyo iliyokuwa ya kweli: debe moja, mtoto hana kitu.

Nami nani wa kuwacheka Waingereza?
Kwanza tunasema, hana kitu.
Halafu tunasema, si kitu.
Kati ya hayo mawili wembe haupiti,
na tumeyasema wenyewe, bila hakimu, bila mkalimani,
juu ya Shayo aliyeuza kihamba amtibu mkewe.

Mama Ndelwa akarudi, kama warudivyo wote. Elfu mbili.
Ndelwa akaivaa palepale juu ya sare ya shule,
neno likamshuka hadi kitovuni.
"Na chenji ya maandazi iko wapi?"
Akavuta mifuko ya kaptula nje, yote miwili,
ikaning'inia kama masikio ya sungura,
akicheka mpaka mapengo yakaonekana.

Nilitaka kumwambia mama yake jambo.
Upepo ukaja.
Nikarudisha kamusi juu ya turubai,
na ile mia tano ya mwisho sikuidai.