Jumapili, Saa Mbili na Robo

Leo Bi Wiebke hakuzima taa ya jikoni.
Miaka ishirini na mitatu aliizima muziki ukianza,
na Inspekta Harmsen akatokeza kwenye ukungu wa Bremerhaven,
koti lile lile, kifungo cha pili hakipo,
na Detlef, kochini, akatoa hukumu kabla ya maiti kupoa:
"Ni shemeji. Siku zote ni shemeji."

Harmsen kastaafu Machi.
Detlef alimtangulia, Novemba.

Sasa wameletwa wawili.
Msichana wa nywele fupi, anatafuna tufaha mbele ya marehemu,
na kijana Tayfun, asiyeandika kitu, eti anakumbuka.
Gari lao halina mngurumo,
linateleza kama uongo.
"Hata kubisha hodi hawajui,"
Wiebke anaiambia soksi anayoifuma.

Mgeni siku mbili.
Jumapili ya tatu akawapa jembe:
"Haya, chimbeni, niwaone."

Wakachimba.
Kisha, kazi imekwisha, yule msichana
akasimama peke yake gatini, simu sikioni,
akisikiliza sauti ya mama yake iliyorekodiwa zamani:
*sipo, acha ujumbe.*
Hakuacha.

Sindano zikatulia.
Wiebke akainuka, akazima taa ya jikoni,
akarudi, akakaa upande ule wa kochi
uliobonyea.

Juma lililofuata, maiti haijapoa:
"Ni shemeji," akasema kwa sauti.

Hakuwa shemeji. Alikuwa daktari wa meno.
Akacheka, gizani,
hadi jina la mwisho la waigizaji likapita.