Aina ya Biashara

Jina la biashara, simu inauliza.
Mjomba Eladio anafuta mikono kwenye aproni,
anatazama dari kana kwamba jina limetundikwa huko
pamoja na nyundo.
Miaka thelathini na minne hakuna aliyemuuliza.
"Andika Kwa Eladio. Kila mtu husema, naenda kwa Eladio."
Kila mtu, mjomba, ni watu sita,
na wawili kati yao tumewazika tangu Krismasi.

Kizuri chajiuza, anasema.
Basi babu alipuliza filimbi ya nini?
Babu aliyetoka Nogueira akisukuma gurudumu la kunolea,
akavuka milima mpaka Kastilia,
na kila alipoingia mtaa mgeni akaitia mdomoni ile filimbi ya mbao:
sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda tena,
madirisha yakafunguka,
wanawake wakateremka na visu, na mikasi,
na miavuli iliyovunjika mbavu.
Huko nako hakukuwa kujitembeza?
Mjomba anakohoa.
Nakijua kikohozi hicho. Ni cha mtu aliyeishiwa hoja
na bado hajakubali.

Aina ya biashara.
Orodha inateremka chini ya kidole changu:
saluni za mbwa, wapambaji wa kucha,
washauri wa usingizi,
wakodishaji wa majumba ya upepo ya kurukia watoto.
Mtengeneza miavuli hayumo.
Ourense hii, ambako mvua ingestahili kupiga kura,
hayumo.
"Weka fundi."
Fundi wa nini?
"Fundi."
Nachagua kunoa visu, maana hicho kipo,
na kwenye maelezo nachomeka:
mwavuli wako haujafa.

Kisha saa za kufungua, na hapo tukagombana.
Saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana,
halafu kumi na nusu hadi giza.
Giza si saa, mjomba.
"Isipokuwa kukiwa na maziko."
Sawa.
"Isipokuwa uyoga ukichipuka."
Simu haijui uyoga.
"Na Alhamisi sipo. Alhamisi nampeleka Dosinda hospitali."

Dosinda yupi?

Akainamia kisu kilichokwisha kung'aa,
akakisugua tena.
Nilitafuta kwenye fomu mahali pa kumweka Dosinda.
Hapakuwepo.
Nikaandika: Alhamisi, imefungwa.

Pini ya ramani ilituangukia ndani ya mto Miño,
katikati ya maji, kama kwamba tunawanolea samaki.
Niliiburuta kwa kidole, nikaivusha daraja,
nikaipandisha kichochoro, nikaipitisha duka la mikate
lililotaka kuing'ang'ania,
mpaka kwenye mlango wa kijani.
"Hapo," akasema mjomba, karibu ahamaki.
"Hapo ndipo nilipo siku zote."

Picha: alichana nywele, kisha akakataa kupigwa.
Nikapiga mikono yake.

Wakasema namba ya uthibitisho itakuja kwa barua,
siku kumi, labda kumi na nne.
Mjomba alicheka mpaka akakaa chini:
chombo kinachozungumza na setilaiti
kinamngoja Breixo wa posta na baiskeli yake!

Breixo alikuja siku ya kumi na mbili, ameloa chepechepe.
Miaka tisa amepita mlango huu,
ametupa bili za umeme, ameondoka.
Siku ile alisimama kizingitini,
akasoma bahasha kwa sauti:
Kwa Eladio. Visu na Miavuli.
"Kumbe unatengeneza miavuli?"

Na mimi, ambaye sijaingiza hata namba moja,
ambaye tangazo langu bado halionekani na yeyote duniani,
nilimwona akirudi kwenye baiskeli,
akachomoa chini ya magazeti kitu cheusi
kilichokunjamana kama popo mgonjwa.

Mjomba tayari alikuwa amekifungua juu ya meza,
anapapasa mbavu, anahesabu.
"Mbili zimekatika. Ya tatu inafikiria.
Njoo Ijumaa,"
kisha, akinitazama kwa pembe ya jicho,
"Alhamisi tumefunga."