Kilo Arobaini na Mbili

Mizani tumeiazima ghalani,
ile ya kupimia viazi,
udongo wa Makete bado umo katika nyufa za bamba lake.
Mwezi wa saba, Mafinga, saa moja asubuhi.
Pumzi za watoto zinatoka kama moshi wa kuni mbichi,
ukumbi wa sekondari unanuka mbao za paini,
na foleni nzima inapokezana
kandambili jozi moja.

Mieleka ya vijana, taifa zima.
Mimi ndiye mwenye kalamu.
Fomu ina safu nne:
nguvu, wepesi, mbinu, nidhamu.
Chini yake mstari wa maoni,
mfupi kuliko kidole changu cha shahada.
Wamekuja mia na kumi na tisa.
Kambini wanatakiwa wanane.

Obadia Tweve anapanda.
Mshale unatetemeka,
unagusa arobaini na mbili, unatulia.
Karani anaandika.
Mimi natazama tumbo:
gumu, limevimba kama ngoma iliyowambwa jana.
Naijua ngoma hiyo.
Ni lita mbili, pengine na nusu,
za bomba la nje, ambalo alfajiri lilikuwa limeganda.
Niliyanywa maji hayo nikiwa na umri wake,
Iringa mjini, nyuma ya choo cha uwanja,
na bado mshale ulinikataa.
Mzee mwenye kalamu akaandika neno moja: MDOGO.
Karatasi sijui aliitupa wapi.
Neno ninalo.

Nanyamaza.

Gwamaka wa Rungwe ana mgongo wa kuzuia lango.
Anabwaga watatu bila kubadili uso,
wa tatu anamnyanyua kwa sikio.
Nguvu tisa.
Nidhamu naandika tatu, nafuta, naandika nne,
sikio lenyewe halikulalamika.

Subilaga anakumbatia kiuno,
anapotea chini ya kwapa la mwenzake,
na mwenzake yuko chali, anahesabu mabati.
Namuuliza nani alimfundisha.
"Ndama wa baba.
Ukimvuta, anavuta. Ukimsogelea, anashangaa."
Mbinu kumi. Kalamu haikusita.

Kisha Obadia.
Anazunguka, mikono mbele
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Dakika ya pili haijaisha
ananyoosha kidole juu, kidarasa kabisa:
"Mwamuzi, naomba ruhusa nitoke."
Ukumbi unacheka mpaka paa linaitikia.
Mwalimu Chengula anajifunika taulo.
Mwamuzi anatikisa kichwa: hakuna kutoka.
Basi mtoto anapambana na wawili,
mwenye jezi nyekundu
na lile bomba la alfajiri.

Anaangushwa.
Lakini tazama anavyoanguka:
kidevu kifuani, bega la kushoto kwanza,
mgongo unabingirika kama gurudumu la toroli,
na vumbi halijatua
yuko magotini, anatafuta mguu wa kushika.
Mara nne anaangushwa, mara nne hivyo hivyo.
Anashindwa kwa pointi moja.
Anatoa mkono, anainama kwa mwamuzi,
kisha mbio, mlango wa nyuma,
na makofi yanamsindikiza hadi migombani.

Fomu haina safu ya kuanguka.
Nguvu, tano. Wepesi, nane. Mbinu, sita.
Nidhamu...
Maji yale niyaite wizi?
Nani aliyeibiwa?
Nimeitafuna kalamu hadi plastiki imepasuka,
midomo yangu ya buluu, karani ananicheka.
Naandika saba. Si haki, ila sijui haki ni ngapi.
Kwenye maoni nabana herufi zipate kuenea:
*Hayumo katika wanane. Apimwe tena Desemba.
Asinyweshwe. Alishwe.*

Jioni vijana wa ghala wanakuja na mkokoteni.
Ngojeni kidogo, nawaambia,
navua viatu, napanda.
Mshale unaipita arobaini na mbili
bila hata kugeuka kuitazama.