Jina Moja

Umeniuliza jina la ukoo.
Nimeandika: Wagiyem.
Umesema hilo umekwishalipata, lete jingine.
Sina jingine. Ninalo hilo hilo tangu utotoni,
lilinitosha shuleni miaka mitatu,
lilinitosha mbele ya kadhi siku ya ndoa,
na sokoni likiitwa mara moja tu nageuka.

Danang wa nyumba ya pili ndiye anayebonyeza.
Mimi mikono ina nta.
Amekuegemeza kwenye sufuria, anakusoma kwa sauti ya juu
kama anayemsomea kiziwi barua ya mahakama:
sehemu hii ni ya lazima.
Ina kinyota chekundu.

Basi sikiliza. Mama alinizaa siku ya Wage,
katika zile siku tano za soko tunazozihesabu huku Java,
akaniita kwa siku yenyewe asije akaisahau.
Jina langu ndilo tarehe yangu.
Lakini karani wa kata alitaka namba,
na njaa ya mchana ilikuwa imemshika,
akaandika thelathini na moja Desemba.
Nusu ya kijiji tumezaliwa siku hiyo, kwa wino mmoja,
na hakuna aliyewahi kukata keki.

Sasa unataka uso.
Sogea. Si hivyo. Ondoa kivuli. Pepesa macho.
Geuka kushoto, polepole.
Nimegeuka kama bibi harusi anayeonyeshwa wakwe,
nikapepesa, nikapepesa tena,
ukasema huoni mtu.
Danang akacheka hadi taa ikamponyoka.

Kidole, basi. Haya, kidole.
Miaka arobaini ya nta ya moto imekilamba,
hakina mistari, kimekuwa laini kama mgongo wa kijiko.
Mistari yangu yote niliihamishia kwenye batiki:
shika kitambaa kimoja, utaniona mzima mzima.
Vitatu vimeshafika Osaka. Mama Hisae amevipenda,
fedha ameshatuma, ziko kwako,
zimesimama kizingitini kama mgeni asiyejua avue viatu au aondoke.

Sikulaumu sana.
Wezi wapo. Mwaka juzi mwanamke mmoja alijifanya mimi
pale Yogyakarta mjini, akapokea malipo ya vitambaa sita,
na aliyemlipa anasema tunafanana.
Hata mimi simkopeshi nisiyemjua.
Namwuliza, wewe mtoto wa nani,
nyumba yenu iko juu ya mfereji au chini,
msiba wenu wa mwisho ulikuwa wa nani.
Akijibu, nasikiliza sauti, siangalii karatasi.
Tofauti yetu ni hiyo,
na kwamba mimi nikiuliza namimina chai.

Danang akaandika Wagiyem Wagiyem.
Ukasema halilingani na kitambulisho.
Akaweka nukta. Ukakataa nukta.
Akaweka kistari. Hapana.
Magharibi ikiingia, kwa hasira, akaandika pale pa ukoo: Hakuna.
Ukafikiri. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

Karibu, Bi Hakuna.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha.

Imebaki hatua moja, ukasema: uthibitisho wa makazi,
ankara ya umeme isiyozidi miezi mitatu.
Ipo. Nimeitoa chini ya godoro, haina hata kunjo.
Ina jina la Parjono, mume wangu,
aliyelala makaburini mwaka wa tisa sasa
na bado analipa umeme kila mwezi, hajawahi kuchelewa.
Naye ana jina moja.

Danang ananitazama. Mimi natazama sufuria.
Nta imeanza kuganda pembeni.
Weka simu chini, mwanangu, nipulizie moto.