Nne Iliyofumba Mdomo

Somo lenyewe, msicheke, ni Ukaguzi wa Hesabu.
Thelathini na tisa kwa mia. Kufaulu ni arobaini.
Mama aliposikia akatua debe la dagaa, pale Mwaloni,
akauliza kama anayemkabili mnunuzi mkorofi:
"Moja tu? Si uwaambie wapime tena?"

Nikamweleza kuna fomu. Fomu ina ada.
Ada ilikuwa dagaa wa wiki mbili;
risiti ninayo, inanuka hao dagaa mpaka leo.
Jibu likaja mstari mmoja:
Matokeo yanabaki kama yalivyo.
Muhuri ulikuwa mkubwa kuliko maneno.

Lakini mimi kile kijitabu nilikiona.
Nilikwenda kwa Dokta Mugeta kuomba barua ya mafunzo,
kikawa wazi mezani, feni ikikipekua,
na pembeni, kwa wino mwekundu:
kumi na mbili, nane, kumi na tano,
na swali la mwisho, tisa.
Nilijumlisha kabla hajakifunika.
Jumlisheni nanyi.

Ndiyo maana Mabatini siku hizi naitwa Mahakama.
"Mahakama, umeamkaje?" Kinyozi. Muuza maji.
Hata watoto wanaonikopea chumvi dukani.
Kesi ina jina refu kuliko mimi:
Limi Nkwabi Magese dhidi ya Baraza la Chuo na mwenzake.
Huyo mwenzake sijawahi kumwona.

Wakili wa chuo alianza na pingamizi:
nimechelewa siku mbili.
Tukabishana miezi minne juu ya siku mbili.
Wenzangu wakavaa majoho, wakapiga picha juu ya mawe,
wakanitumia.
Wakili wangu, Rwegasira, aliyenitoza nusu,
akaanza kunitazama kama deni.

Kisha siku moja jaji akasema: Kiletwe.

Kikaletwa ndani ya bahasha ya kaki.
Nikaukuta mwandiko wangu
kama mtu aliyekutana na sare yake ya shule
imevaliwa na mtu mwingine.
Jaji akavaa miwani, akaivua, akakiinua dirishani,
upande ule ziwa linakomwaga mwanga mweupe wa saa nne.
Kumi na mbili. Nane. Kumi na tano.
Kisha tarakimu yenyewe:
nne, ikiwa mwandishi aliifunga kichwa kwa haraka;
tisa, ikiwa mkono ulikwaruza kona.

"Ni nne, mheshimiwa. Jumla inathibitisha."
"Mheshimiwa, jumla ndiyo tunayoilalamikia."

Aliyeiandika tulimzika Sengerema mwezi wa tatu.
Nilikwenda. Nilitupa udongo wangu.
Mungu anisamehe, hata pale kaburini
nilikuwa na swali.

Jaji akasema, "Mahakama haisahihishi mitihani."
Akanyamaza. Akakitazama tena.
"Uamuzi baada ya likizo."

Nami niseme, kwenye karatasi hii isiyo na kiapo:
feni ile ilikuwa inapekua.
Labda niliona tisa.
Labda niliihitaji mno, ikaja.
Hati yangu inasema "kwa kadiri ya ufahamu wangu",
na Rwegasira alisema hayo ni maneno ya kawaida tu,
kila mtu huyaweka,
saini hapa.

Jioni nikamchorea Mama zote mbili kwa mkaa
mgongoni mwa kipande cha boksi.
Mama aliishia darasa la nne.
Akaligeuza boksi kwenye mwanga wa koroboi.
"Hii ni nne iliyofumba mdomo," akasema.
Akaligeuza tena.
"Au tisa iliyokunjwa shingo."

Kisha akaurudia ukuta wa banda, kuhesabu madebe ya leo
kwa chaki: vijiti vinne vimesimama,
cha tano kimewalalia.
Miaka ishirini na miwili
ukuta ule haujamfikisha mtu kwa jaji.