Jicho Juu ya Ukuta

Huku kwetu Ndosho huchimbi shimo, unalipasua.
Jembe likigusa chini linalia,
na jiwe linalijibu kwa sauti ya sufuria tupu.
"Nsimire," mume wangu aliuliza, "utachimba hadi uukute moto?"
Kisha akanunua udongo kama watu wanavyonunua makala:
magunia saba, kwa chukudu, kutoka Kibumba,
mwenye chukudu akihesabu fedha, mimi nikihesabu minyoo.
Nilimkuta mmoja tu. Nikamkaribisha.

Kwanza nilipanda waridi,
waridi la dukani, lenye picha kwenye kopo,
lililotaka maji asubuhi, kivuli mchana, dawa ya unga kila Ijumaa.
Maji yenyewe ni bidoni, kutoka ziwani, kichwani.
Likaniangalia wiki tatu kama mgeni asiyependa chakula,
likajifia.
Mwiba wake mmoja bado ninao kwenye kidole gumba.

Nikapanda lengalenga. Nikasema basi, tule.

Ndipo ukatoka mmea huu mwingine.
Sikuupanda. Ulikuja umelala ndani ya gunia la nne
kama abiria asiye na tiketi.
Jani lenye umbo la moyo, shina kama uzi wa cherehani,
na tabia moja tu, kushika:
ukashika kijiti, ukashika kamba ya nguo,
ukashika soksi ya mume wangu ikiwa bado mbichi,
ukapanda ukuta wa mawe meusi tuliyoyapanga bila saruji,
mawe yaliyowahi kutiririka kama uji
juu ya chumba cha watu tusiowajua.

Mvua ya Septemba ikafika. Asubuhi moja, ua.
Rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji,
na katikati weusi,
si weusi wa mawe, ni weusi wa mboni,
wenye zambarau ndani yake ukiinama vizuri.
Lilikuwa limetupa kisogo.
Lilikuwa linachungulia kwa Mama Katungu.

Binti yangu Ntakwinja alicheka hadi akakaa chini.
"Mama! Linamfanyia kama anavyotufanyia!"
Tangu hapo jina likawa hilo.
Nimemwagilia Katungu.
Katungu amefika kwenye bati.
Mama, nyuki mkubwa ameingia ndani ya Katungu, imebaki miguu.
Tulisema kwa sauti ya chini, tukijiona wajanja.

Nami nikajifunza. Hautaki dawa.
Unataka kitu cha kushika, na maji ya kuoshea mchele.
Kiangazi kikiukausha wote, usiung'oe:
kata, acha kiganja kimoja juu ya jiwe,
mzizi uko chini huko, haujafa, umenyamaza.
Mbegu zinakaa ndani ya kitu chenye mdomo
mfano wa kichwa cha ndege mdogo.
Kikikauka kinapasuka chenyewe, tak,
na usiku mume wangu anasaka panya.

Jumapili, baada ya misa, Mama Katungu akagonga geti.
"Ua lenu limeshuka kwangu," akasema.
"Nilitaka kulikata. Panga nilikuwa nalo mkononi.
Likaniangalia.
Nipe mbegu, nipande na upande wa barabara.
Linaitwaje?"

Ntakwinja akavisoma vidole vya miguu yake.
Mimi nikatafuta neno, nikapata kikohozi.
"Halina jina," nikasema.

Akavifunga vile vichwa vya ndege, kumi na viwili,
kwenye pembe ya kitenge, akakaza fundo kwa meno.
"Hapana, lina jina," akasema.
"Linapanda ukuta wa watu alfajiri, limekodoa jicho,
litazame nani amepika nini.
Watoto wangu wanaliita Nsimire."

Akaenda. Alipofika getini
kimoja kikapasuka ndani ya kitenge, tak.
Hakugeuka.